Mikate Sita na Siagi Moja

Theluji ilitabiriwa kuingia mji wa Macroom jioni, na taifa zima la Ayalandi, kwa hekima yake, lilikuwa limenunua mkate. Taifa zima isipokuwa Fergal, aliyekuta rafu za mkate dukani ni tupu. Alikaa ndani ya basi akipakata siagi na jemu, akiwaza atamwambia nini mkewe, aliyemtuma mkate tu. Bibi aliyeketi karibu yake alikuwa amekumbatia kikapu chenye mikate sita.

"Shikamoo, mama. Una wageni?"

"Marahaba. Naishi peke yangu."

"Na mikate yote hiyo?"

"Theluji haina adabu, mwanangu. Ikija, haiagi."

"Basi niuzie mmoja, nisije nikalala nje."

"Ulale na siagi yako."

Fergal akachungulia kikapu cha bibi. Mikate, mishumaa, na mikate tena. "Samahani, mama, utaipaka nini?"

Bibi akashtuka kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko likiwaka. "Nitakula mikavu," akasema, macho yakiwa kwenye siagi.

Basi likasimama. Wakashuka wote wawili.

"Haya, mkate mmoja kwa siagi nzima!"

"Nusu," akajibu Fergal, ambaye punde tu alikuwa akiomba kuokolewa.

Dereva akafunga mlango, na abiria waliokuwa wametega masikio wakanyimwa hukumu.