Ukurasa Uliotakiwa Kuchanwa

Batata na bamama, wananchi wa Dilala, ndugu mliotoka Lubudi, Kasaji na Likasi, jamaa imemtuma Badibanga, huyu aliyesimama mbele yenu, mdogo wa mume wa marehemu, awasomee maisha ya Mama Tshilombo Henriette, na kabla hajaanza anawaomba mvumilie, maana kati ya karatasi hizi kuna ukurasa mmoja uliotugombanisha siku tatu nzima, wengine wakitaka uchanwe, wengine wakitaka usomwe kwa Tshiluba tu ili majirani wasielewe. Marehemu aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza usomwe kwa Kiswahili, lugha ya kila mtu hapa Kolwezi. Basi utasomwa, anayetaka kuinama ainame.

Mama Tshilombo Henriette alizaliwa Lubudi, tarehe 14 Machi 1935, mtoto wa pili wa Tata Kalombo, mfanyakazi wa reli aliyeletwa kutoka Kasai, na wa Mama Ngalula, mkulima, wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia mwaka wa 1942 hadi 1948, akaendelea na shule ya wasaidizi wa wakunga, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1954, msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye mdomo mkali, hiyo wote tunakumbuka. Mwaka wa 1972, majina ya kizungu yalipokatazwa, alifuta Henriette kwenye kitambulisho, lakini bamama wa kambi hawakulifuta midomoni mwao, na leo tunamzika nalo.

Alianza kazi tarehe 1 Februari 1955, kwenye nyumba ya kupimia watoto, huko kambi ya wafanyakazi, na hapo alikaa karibu miaka thelathini. Mwaka wa 1969 daktari mmoja mgeni, kijana, alitaka kuita polisi kwa sababu ya mtoto mwenye mistari ya wembe kifuani, na mama wa yule mtoto alikuwa tayari analia, ndipo Mama Henriette alipomkalisha daktari chini, akamweleza kwamba zile ni chale, kwamba mganga wetu huzichanja tatu tatu, pale panapouma, akapaka dawa ndani, na kwamba mama yule alifanya hivyo kwa kumpenda mwanawe anayekohoa. Daktari alielewa, akaomba radhi, na tangu siku ile kila mtoto mwenye alama mwilini aliletwa mbele ya Mama Henriette, yeye akisema ni kipigo, ni kipigo, akisema ni dawa, ni dawa, hakuna aliyembishia.

Alifunga ndoa na Tata Kabongo, fundi wa umeme, tarehe 21 Julai 1956, na Mungu akawajalia watoto wanne, Muamba, Mbombo, Ntumba na Kalombo, ambao wote wako hapa. Mwezi wa Septemba 1974, kaka yake alipokufa huko Kasaji, alipokea pia binti yake, Tshiela, mwenye miaka saba, aliyeshuka kwenye treni ya Dilolo na kikapu chake kichwani. Kwetu shangazi ni tatu mukaji, maana yake baba mwanamke, kwa hiyo Mama Henriette hakuwa mfadhili wa mtoto yule, alikuwa baba yake aliyebaki.

Huu sasa ndio ukurasa wenyewe.

Katika nyumba ile aliishi pia Kanku, dada wa Tata Kabongo, dada yake Badibanga, aliyekuja baada ya ndoa yake kuvunjika. Mama Henriette alikuwa kazini kutwa nzima, Kanku ndiye aliyebaki na mtoto, na mtoto, kwa huzuni ya kufiwa, alikuwa anakojoa kitandani. Mwezi wa Februari 1975 Mama Henriette aliona mistari ya wembe kwenye mkono wa kushoto wa Tshiela, mitatu mitatu, imenyooka vizuri, akamuuliza mtoto palepale, Kanku akiwa amesimama mlangoni, na mtoto akamtazama Kanku kwanza, kisha akajibu, “Ni dawa, mama.” Aliridhika. Tena aliandika hapa kwamba alifurahi, kwamba alimshukuru wifi yake kwa kumtafutia mtoto dawa ya kukojoa, yeye ambaye daktari wa kizungu alikuja kujifunza kwake.

Dawa haikuwepo. Kanku alichanja kwa wembe, akapaka pilipili, kila mara shuka lilipolowa.

Badibanga, anayewasomea, alikuwa analala kwenye chumba cha nyuma siku hizo, kijana wa miaka ishirini na minne asiye na kazi, alisikia kilio mchana, si mara moja, na kila aliposikia aliongeza sauti ya redio. Hilo marehemu hakuliandika, hakulijua, ameliongeza Badibanga mwenyewe jana asubuhi.

Mtu mmoja tu alisema. Mama Mwamini, mke wa Tata Swedi mwenye lori la Kasaji, ambaye ua wa matete tu ulimtenga na sisi, alikuja mwezi wa Juni, akakataa kiti, akasema, “Mama Henriette, kule hakuna dawa, banamupakala mutoto pilipili mu bidonda, mi nimeona na macho yangu.” Na Mama Henriette, tunasoma kama alivyoandika, alimjibu, “Weye mutu wa Maniema, bintu ya Baluba utabijulia wapi?” Mama Mwamini alifunga kitambaa chake, akaondoka. Jioni Mama Henriette alimuuliza Kanku, Kanku akaangua kilio kwamba ndani ya nyumba ya kaka yake mwenyewe anaitwa mulozi, yaani mchawi, Tata Kabongo akasema mambo hayo yaachwe, na dada wa mume hafukuzwi, basi yakaachwa. “Toka siku ile nilijua,” ameandika, “nikanyamaza wiki saba.”

Tarehe 4 Agosti 1975 mtoto alipelekwa hospitalini na homa kali, mkono umevimba, usaha umeshuka mpaka kwenye vidole. Daktari aliuliza alama zile ni za nini, wauguzi wamesimama pale wakingoja neno la Mama Henriette, naye akasema, “Ni chale za dawa, docteur, ni desturi yetu.” Kila mtu akaamini, kwa kuwa ni yeye aliyesema. Tshiela alikuwa macho, akimwangalia. Mama Henriette alirudi kwa daktari kusema kweli baada ya siku kumi na moja, na hakuna siku moja kati ya hizo kumi na moja ambayo aliweza kuieleza, hata kwa padri. Vidole viwili vya mkono ule havikunjiki mpaka leo. Sisi, jamaa, tulimrudisha Kanku Lubudi, tukawaambia watu amekwenda kulima. Na mtoto alikataa kukanyaga nyumba yetu, akakaa miezi miwili kwa Mama Mwamini, kisha akarudi Kasaji kwa jamaa ya mama yake.

Kuanzia mwaka wa 1976 Mama Henriette alibadili namna yake ya kazi. Hakusema tena ni dawa kwa kutazama alama tu. Alikuwa anampa kiti yule aliyemleta mtoto, awe mama, awe shangazi, anamsalimu kama inavyotakiwa, anauliza habari za nyumbani, halafu anasema kwa sauti ya chini, “Mama, unionyeshe ile dawa, na mi nijifunze.” Mwenye dawa alirudi kesho yake na mizizi ndani ya kitambaa, anajivuna, anaeleza mpaka unachoka. Asiye nayo alikasirika, au alisema imekwisha. Huyo alitumwa dirishani kuchukua karatasi, na mtoto akaulizwa peke yake, taratibu, bila jicho la mtu mlangoni. Hakukimbilia polisi kwanza, alitafuta mzee ambaye nyumba ile inamwogopa, akaenda naye, akarudi tena wiki iliyofuata, na tena, na mtoto aliyekuwa hatarini alihamishwa siku ileile. Aliwaambia bamama wa kambi kwamba jirani akija kusema habari ya mtoto, apewe maji ya kunywa, asiulizwe kabila. Hata baada ya vita ya 1978 alifungua mlango wa nyumba ile ya kupimia watoto kabla ya wengine.

Tata Kabongo alifariki mwaka wa 1979. Ugonjwa wa sukari ulimshika Mama Henriette mwaka wa 1983, akaacha kazi mwaka uliofuata, akakatwa mguu wa kulia mwezi wa Oktoba 1986, na tarehe 9 Juni 1987, saa nne asubuhi, akakata roho, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Jamaa inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kazi waliobeba jeneza, na majirani waliowasha moto na kupika tangu juzi. Tunamshukuru Mama Mwamini, ambaye amekaa pale kwenye mkeka wa mbele, na tunamwomba msamaha kwa jibu alilopewa, miaka kumi na miwili tumepita mlangoni pake tukitazama chini. Kanku alituma neno kwamba ukurasa huu ukisomwa yeye hafiki, na hakufika.

Tshiela, mwalimu wa shule ya msingi huko Kasaji, jamaa nzima inakuomba msamaha mbele ya watu hawa, na Badibanga kabla ya wote, kwa ile redio. Tulitaka kuandika kwamba umekwisha kutusamehe, ingependeza kusomwa, lakini tulipokuuliza juzi ulijibu kwamba hapana, bado, na kwamba tuandike hivyo hivyo, basi tumeandika.

Mama Tshilombo Henriette, pumzika sasa. Mtoto hajakusamehe, lakini alitoka Kasaji usiku uleule aliposikia, akawaomba bamama wote watoke chumbani, na yeye peke yake, kwa mikono yake yote miwili, ndiye aliyekuosha.