Na Kuimba Ni Nini?

Simu ya kinyozi mmoja, mashine zake mapajani, iliita trenini kwa wimbo. Mama aliyepakata gitaa kando yangu akamgeukia: “Huo nimeutunga mimi. Umeutoa wapi?”

“Nilirushiwa na shemeji. Furahi, dada, mtaa mzima tunao!”

“Nami nashona sare za shule ili nilipie studio. Nikuletee ukoo wangu uunyoe bure, kisha nikwambie ufurahi?” Nikakunja gazeti langu, habari zilikuwa hapa.

“Kunyoa ni kazi, dada.”

“Na kuimba ni nini, mafua?” Behewa zima likacheka, isipokuwa kinyozi.

“Basi acha muziki.”

“Siachi ng'o! Wimbo mpya sirekodi. Jumamosi nauimba ukumbini. Anayeutaka aje na masikio yake, simu aiache mlangoni.”

“Hao watu utawapata wapi?”

Treni ikasimama. Mama akashuka akiuimba huo mpya kwa sauti, na watu wa kituoni wakageuka.