Historia ya Pia, Fundi Rangi, na Fomu Tisa Nilizojaza Mimi

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake, na ninyi wa hospitali mliokaa karibu na mlango, mimi ni dada yake mkubwa, haya ninayosoma nimeyaandika mwenyewe, asiyeyapenda avumilie, si marefu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, chumba cha nyuma, kitindamimba wa watoto wanne, akakimbia kabla hajajua kutambaa vizuri, baba akamwita Pia, kama ile ya watoto ya kuzungusha, maana akisimama tu anaanguka.

Shule alianza 1966, nyuma ya kiwanda cha nguo, akaiacha darasa la sita, si kwa ujinga, ila halikupatikana dawati la kumtuliza. Januari 1974 akashika brashi, akapaka madarasa, benki, na wodi mbili za hospitali alikofia, kazi ikamfaa kwa kuwa ngazi ni ya kupanda na kushuka.

Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1983 na wifi yangu huyu hapa, wakapata mabinti wawili, 1984 na 1987, na pombe ikawa mtoto wa tatu, mlafi kuliko wenzake, msiangalie chini, wengine mlisaidia kumlea. Mwaka 2009 wifi alimfungia mlango, simlaumu, akahamia kwangu, akawa anapima ukumbi wangu kwa miguu kutwa nzima.

Tarehe 11 Februari 2019 aliingia katika utafiti wa vidonge vya kupunguza hamu ya pombe, wengine wakipewa dawa, wengine vidonge vitupu, hata nesi asijue nani kapata nini. Kila Ijumaa yeye alijaza fomu ya alichokunywa, na mimi, kama ndugu anayeishi naye, nikajaza yangu, zilinganishwe. Nesi alitueleza kwamba anayekunywa hafukuzwi, lakini mimi nimekulia nyumba ambayo anayekunywa hufukuzwa, maneno yake yakaingia huku yakatokea kule, na Ijumaa tisa mfululizo Pia aliandika glasi sita, tano, saba, mimi nikaandika hakunywa.

Tarehe 15 Aprili daktari alituita, akaweka fomu zote mezani, akauliza kwa upole nani kakosea. Pia akanigeukia, akasema, "Dada, hebu waambie." Nami nikajibu, "Mlevi ana hesabu gani, daktari?" Chumba kizima kikacheka. Yeye hakucheka, alizunguka ile meza mara mbili, akatoka, na fomu zake zikawekwa kando kuwa hazina uhakika.

Watu wa kumwamini wakapungua, yeye akaendelea kuandika. Glasi ya mwisho aliiandika tarehe 28 Juni 2019, na tangu hapo ni sifuri mpaka kufa, nami nilikuwepo, naapa.

Ini lilikuwa limeshaharibika, Novemba 2020 tumbo likajaa maji, akalazwa katika wodi aliyoipaka mwenyewe, akawa anashuka kitandani kwenda kugusa ukuta. Wiki ya mwisho aliniambia, "Dada, zile fomu." Nikamwambia lala. Alifariki tarehe 2 Machi 2021, saa nne asubuhi, miaka sitini na miwili, mguu mmoja ukiwa umeshashuka kitandani.

Daktari, mlevi alisema kweli, mwongo nilikuwa mimi, mzima wa akili na sina hata harufu ya pombe. Zile tisa nimezijaza upya, ziko katika bahasha hii, nitakukabidhi kabla jeneza halijatoka, zake zirudishwe mahali pake.

Tunawashukuru madaktari, nesi aliyemwita mzee bila kejeli, majirani mliostahimili vishindo vya miguu yake ng'ambo ya ukuta wenu, mafundi mliobeba ngazi yake mpaka hapa, na wifi aliyekuja.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, umeaminiwa, sasa kaa.