Udongo wa Mama Niliokataa Kuukung'uta

Akina mama, makofi ya salamu tumeshapigiana na mwakeye za asubuhi zimetosha, sasa kaeni vizuri mnisikilize. Nimeombwa nije hapa Makere niwaeleze jinsi shamba langu la migomba lilivyokufa na jinsi lilivyosimama tena. Nimekubali, lakini nawaambia mapema kwamba sikuja na maneno ya upole. Mimi ni mtu wa kisasi. Mume wangu anajua, watoto wangu wanajua, hata kuku wa jirani wanaochakura bustani yangu wanajua. Kama mlitaka mama mpole mngemwita mwingine.

Watu sitawataja majina. Kuna mmoja nitamwita wifi tu, ndiye dada wa mume wangu, tumepakana naye shamba kule Heru Juu. Nikimtaja zaidi ya hapo atanichotesha maji tena, na mtaelewa mbele kwa nini nasema hivyo.

Mama yangu alifariki kwetu Busunzu, kule Kibondo. Tulipoanua matanga, ndugu zangu wakagawana vitu vya kumkumbukia. Mmoja akachukua kitenge, mwingine sufuria kubwa. Mimi nikasema nataka migomba yake. Nikang'oa machipukizi matano, na udongo wake sikuugusa. Mnaijua desturi yetu. Mche wa kupewa huondoka na udongo wa kwao, na ukiukung'uta ni kama umemkung'uta aliyekupa. Sasa huyu aliyenipa alikuwa mama, na yuko kaburini. Ningeanzaje kumkung'uta?

Nikaviringisha kila chipukizi kwa majani makavu, nikatia kwenye gunia bichi, nikapanda basi hadi Kasulu. Kutoka mjini nikachukua bodaboda, gunia nimelikumbatia mapajani. Nafika nyumbani, namkuta wifi kibarazani na mama yake, yaani mkwe wangu, wanachambua maharage. Wifi akaliangalia lile gunia linavyodondosha tope.

"Wifi, huo udongo ukung'utie huko barabarani," akasema. "Usituletee vya huko."

Ndugu zangu, nilikuwa nimetoka kuzika. Lile neno "vya huko" lilinichoma. Nikamjibu, "Huu ni udongo wa mama yangu. Siku ukimkung'uta wa kwako, na mimi nitamkung'uta wangu." Na wa kwake alikuwa amekaa hapo hapo na ungo wa maharage. Mkwe wangu aliinua ungo akaingia ndani. Mume wangu aliniomba nikatake radhi. Sikwenda.

Nikaipanda ile mitano katikati ya shamba, mahali pa heshima. Mwanzoni ilipendeza. Nikawa napita makusudi na mkungu kichwani mbele ya nyumba ya wifi, nione atasema nini. Alikuwa anasema "hongera" tu, na hiyo nayo iliniudhi.

Halafu ikaja mvua moja yenye upepo kidogo, upepo wa kawaida tu. Asubuhi nikakuta mgomba mmoja wa mama umelala chini na mkungu wake mchanga. Haukuvunjika. Uling'oka wote, mizizi juu, mifupi, myeusi. Nikausimamisha kwa mti. Baada ya wiki ukalala wa pili. Ikaisha yote mitano, ikafuata ya jirani zake, ikafuata mstari mzima. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nasikia kishindo nje, hapo tumelala, nikihesabu sasa huu ni upi. Na nyinyi mnajua mgomba kwetu ni nini. Ndicho chakula cha watoto, ndiyo ndizi ya mgeni, ndicho kitu mwanamke anachoonyesha akiulizwa amefanya nini hapa nyumbani kwa watu. Mimi nikawa naonyesha shimo.

Wakati huo migomba ya wifi, ng'ambo ya ua, imesimama kama imepigiliwa misumari.

Nikasema huu ni mkono wa mtu. Nikalikumbuka lile neno lake la kibarazani, nikaona nimeshampata muuaji. Nikaapa kwamba aliyeua shamba langu nitamlipiza, na awe nani. Kuanzia hapo nikamnyima makofi. Akija, "Mwakeye, wifi," anapiga makofi yake kwa adabu, anasubiri. Mimi mikono nimeificha ndani ya kanga. Anabaki anajipigia makofi peke yake kama mtu aliyechelewa kwaya. Najua ni aibu. Wakati ule ilikuwa inanishibisha.

Lakini haikutosha. Nikafikiria hivi: kama dawa yake iko kwenye udongo wangu, basi namrudishia mwenyewe. Jumapili moja nikasema naumwa kichwa, watu wote wakaenda ibadani. Nikachimba chini ya migomba iliyoanguka, udongo pamoja na ile mizizi myeusi, nikajaza kikapu. Nikapita kwenye ua nikamwaga kwenye mashina ya wifi, mstari wa kwanza. Vikapu vitatu. Watu wanaimba kanisani nawasikia, na mimi natembea na kikapu. Nikasema, kilichoniua na kikuue na wewe. Nikarudi ndani nikala vizuri sana siku ile.

Nisiwadanganye kwamba moyo ulinisuta. Haukunisuta. Nilikaa misimu miwili nasubiri.

Siku moja bwana shamba wa kata akaja na mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, anasoma mambo ya udongo. Alikuwa anazunguka vijijini kuangalia migomba inayoanguka. Nilimpeleka shambani nikamwambia wazi, "Kazi yako ni ndogo. Muuaji ninamjua, anakaa pale."

Alichukua mzizi akaupasua kwa kisu katikati. Ndani ulitakiwa uwe mweupe, lakini ulikuwa na madoa mekundu meusi, kama nyama iliyoungua. Akaikata mizizi vipande vidogo, akatandika karatasi laini kwenye chujio langu la chai, akaiweka juu ya sahani ya maji. Akasema tuiache hadi kesho, wenyewe watashuka. Nikamuuliza wenyewe kina nani. Akasema, "Wanaokula shamba lako."

Kesho yake akaweka tone la yale maji kwenye hadubini yake, akanikaribisha. Akina mama, niliwaona. Minyoo wembamba, hawana rangi, wanajikunjakunja, wengi kiasi kwamba wanapandiana. Kwa macho matupu humwoni hata mmoja. Wamekaa kwenye mizizi yangu miaka, wanakula na kutaga, na mimi niko juu namnunia wifi. Nikamwambia mtafiti, "Nipe sumu. Kali kuliko zote. Nimwage shamba zima, asibaki hata mmoja."

Akasema, "Subiri kwanza, mama. Tazama na hii." Akaweka tone lingine, hili la udongo wenyewe. Humo kulikuwa na minyoo wa namna nyingi. Akanieleza kwamba wengi wao hawana ugomvi na mimi. Kuna wanaokula vijidudu vya uozo na kuurutubisha udongo. Kuna wanaomwingia sota, yule funza anayekata miche ya maharage, wakamuua kutoka ndani. Akasogeza kioo, akasema, "Na huyu ni mwindaji." Nikaona mnyoo mmoja mnene, mdomoni ana kitu kama jino. Amemkamata mwenzake mwembamba na anammeza. Anameza taratibu, na yule anapigapiga mkia.

Nawaambia ukweli, nilifurahi kuliko siku ya Pasaka. Sikutaka kuondoka kwenye kile kioo. Nikasema, huyu ndiye ndugu yangu, huyu tumbo moja na mimi.

Mtafiti akasema, "Sasa ukimwaga sumu unamuua na huyu. Utabaki na udongo usio na askari, na adui ndiye atakayerudi wa kwanza." Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kulipiza kisasi akaua wa kwake.

Akaniuliza migomba ipi ilianguka kwanza. Nikamwambia ile mitano ya katikati. Imetoka wapi? Nikamwambia Busunzu kwa mama. Ilikuja na udongo? Nikajibu kwa majivuno kabisa, sikukung'uta hata punje. Akaandika. Safari yake ilikuwa inaelekea Kibondo, nikamwelekeza kwa kaka yangu. Aliporudi akasema migomba ya mama imelala karibu yote, na mizizi yake ina minyoo hao hao. Mimi ndiye niliyewapandisha basi. Niliwakumbatia mapajani mpaka Heru Juu.

Hata hapo bado nilikuwa na tumaini moja baya. Nilitaka apime na kwa wifi, akute wamejaa, ili angalau tuwe sawa. Twende basi. Wifi akatufungulia ua mwenyewe, mtafiti anachimba, mimi nimemshikia kikapu cha sampuli. Alipima shamba zima. Safi. Mizizi mizuri, myeupe. Ila mstari wa kwanza, wa upande wangu, mizizi imejaa madoa.

Mtafiti akasimama anajikuna kichwa. "Hii ni ajabu. Hawa minyoo hawatembei haraka hivi. Na wako hapa tu, kwenye mstari mmoja. Kama vile mtu amekuja akawamwaga."

Wifi hakumwangalia mtafiti. Aliniangalia mimi, halafu akakiangalia kikapu mkononi mwangu. Kilikuwa ni kile kile.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona ile Jumapili. Lakini alikuwa ananiangalia vile vile alivyoniangalia siku ya gunia, na nikakumbuka kwamba siku ile alichoniambia ni kukung'uta udongo tu. Nikasema, "Ni mimi. Vikapu vitatu. Mlikuwa ibadani."

Wifi alimsubiri mtafiti aanze kufunga vifaa vyake. Ndipo akasema, "Kwa mwenyekiti sikupeleki. Ila utang'oa wewe, utamenya wewe, kuni utaleta wewe na maji utachota wewe. Mimi nitakaa kwenye kigoda nikutazame."

Sasa mnaona kwa nini nilisema atanichotesha maji tena; naye ni mtu wa kisasi kama mimi.

Dawa aliyotufundisha mtafiti ni hii. Unang'oa chipukizi, unakata mizizi yote, unalimenya tunguu, kile kichwa cha chini, mpaka doa la mwisho liishe libaki jeupe. Kisha unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka, unahesabu polepole mpaka thelathini, unatoa. Minyoo wanakufa, chipukizi linaishi. Unalipanda kwenye ardhi mpya, na ile iliyougua unaipa mihogo mpaka wale waliobaki wafe njaa. Samadi na majani usiache kuweka, ndicho chakula cha wale askari.

Basi nikachota maji. Mtoni na kurudi, kilima chote kile, ndoo kichwani. Wifi kwenye kigoda anatafuna muhogo wa kuchoma. Nikipumzika anauliza, "Wifi, umechoka? Siku ya vikapu hukuchoka?" Nilimchukia upya. Hivyo ikawa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nilikuwa namenya tunguu moja kubwa, nikafika kwenye doa jekundu bichi kabisa. Wifi akainuka kigodani. Akaja akainama akalitazama.

"Ni hawa?" akauliza.

"Ndio hawa."

"Lete hicho kisu."

Alimenya huku anasonya. Akatumbukiza kwenye maji mwenyewe, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, na alipomaliza akaongeza kumi za kwake. Nikacheka, na yeye akacheka. Kigoda hakukirudia. Jioni ile tulipoagana akapiga makofi yake, "Mwakeye, wifi," salamu ya asubuhi hiyo, saa kumi na moja jioni, kwa makusudi tu aone. Nikatoa mikono kwenye kanga nikapiga.

Namshukuru bwana shamba, namshukuru yule mtafiti na chujio langu la chai alilolitia kinyaa mpaka leo. Nawashukuru akina mama wa hapa mlionipa machipukizi ya kuanzia. Mkwe wangu nilimwangukia magotini nikamwomba radhi, akanipa ungo wa maharage nichambue, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Na wifi namshukuru, japo sitamwambia.

Nilirudi Busunzu pia. Nikang'oa chipukizi la mwisho la mama lililokuwa limesimama, nikalimenya pale pale mlangoni kwake, udongo wote nikauacha nyumbani kwake unapokaa. Mgomba ule sasa umebeba, na haujalala.

Kisasi sijaacha, sitawadanganya. Nimejifunza tu kumtafuta muuaji mwenyewe kabla sijainua kikapu. Na ninachowaomba leo ni kimoja: mkipewa mche, muukung'ute udongo wake, hata kama aliyewapa ni mama.

Sasa inukeni. Machipukizi mliyokuja nayo yako nje, na wifi ameshawasha kuni tangu nilipoanza kusema. Maji yanachemka. Chukueni visu.