Punje Moja, Halafu Subiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha wafuga nyuki, Daktari wa kituo cha afya, wazee wangu, mama wenzangu wa chumba cha kukaushia, na wewe Mama Subiri ambaye leo tunakuaga ukistaafu: salamu zangu zipokeeni kwa upole, maana darasani sikukaa sana na kipaza sauti ndiyo kwanza nakishika.

Wageni huenda mnajiuliza, Mama Subiri ni jina gani? Tulimpa sisi, na hatukumpa kwa mapenzi. Miaka kumi na tisa hakuna chupa ya chavua iliyotoka bila yeye kuipima. Chavua, ndugu zangu, ni ule unga wa maua ambao nyuki hubeba miguuni. Mlangoni mwa mzinga tunaweka wavu, punje zinadondokea kwenye droo. Sisi tulitaka kuzianika juani juu ya bati zikauke upesi. Yeye akasema jua kali linaua vitamini, zikauke kivulini, subirini. Tukataka kuchanganya ya alizeti na ya mahindi. Akasema kila ua lina chakula chake, protini hazilingani, acheni nipime, subirini. Nani angempenda mtu wa namna hiyo?

Mimi ndiye mwandishi wa lebo, kwa ajili ya mwandiko wangu. Mwaka juzi niliandika lebo mia mbili: "Dawa ya watoto dhaifu." Sikukusudia kudanganya. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, mikono kama vijiti, na mama mwenye shida huamini hata alichokiandika mwenyewe. Mama Subiri akazirudisha zote. Akaniketisha kwenye stuli yake, akanisomea karatasi ya vipimo kama mtu anayesoma barua ya nyumbani: protini, sukari, mafuta kidogo, madini ya chuma, zinki.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni chakula kizuri. Dawa sijaiona humu. Na wapo watu ambao miili yao inakikataa kabisa. Mtoto mpeleke akapimwe. Hata mtu mzima anaanza na punje moja, halafu anasubiri."

Nilitoka nimenuna. Nikawaambia wenzangu ana choyo na afya za watoto wa watu.

Jioni nikamkalisha mtoto mkekani, nikajaza kijiko chavua. Mama mkwe wangu alikuwa pembeni. Ili kumchekesha nikakunja uso kama Mama Subiri, nikaokota punje moja, nikaiweka kwenye ulimi wangu mwenyewe: "Punje moja, halafu subiri." Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu.

Hatukusubiri sana. Midomo ikawasha, ikavimba, koo likabana. Kumbe zile chafya zangu za kila siku kazini, nilizodhani ni za vumbi, zilikuwa mwili wangu unabisha hodi. Mama mkwe akanikokota hadi kituoni, mtoto mgongoni, na Daktari huyu aliyekaa hapa akanidunga sindano. Kisha akamgeukia mtoto, akampima, akakuta minyoo na upungufu wa damu. Tiba yake ilikuwa vidonge, na leo hashikiki.

Mtoto wa damu yangu, mwenye koo jembamba vile, kijiko kizima angekiwezaje?

Mama Subiri, kesho yake ulikuja kunijulia hali, nikakuambia nilionja tu. Hukuuliza zaidi. Leo nakiri mbele za watu: kijiko kilikuwa kimeshajaa, na kilikuwa cha mtoto. Nilikukejeli, na kejeli ile ikamwokoa mwanangu kwa maneno yako. Nisamehe, mama. Na asante.

Siku hizi lebo inasema, "Chakula, si dawa. Anza na punje moja." Naiandika chumba cha mbali, barakoa puani, na wenzangu wananicheka.

Wao wamekununulia kiti cha kupumzikia. Mimi nimekuletea kile kijiko. Nimekisugua kinang'aa, kikoroge chai yako, taratibu, kama kawaida yako. Atakukabidhi mwanangu, yule anayechungulia nyuma ya pazia na mashavu yake. Nilimwambia asubiri nimalize kusema, lakini hilo neno bado hajalijua, naona ameshaanza kukimbia.

Basi mpisheni. Kwa masikio mliyonipa, asanteni sana.