Mama Akiba na Majibu Yaliyochacha

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Akiba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Uongozi umeniomba niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ingawa anayemfahamu anajua ugumu wa kazi niliyopewa.

Aliingia ofisi yetu ya mitihani kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, sisi wengine tulizifunika vitambaa zisipate vumbi, yeye alizifunua. Miaka michache baadaye alikuwa mwandishi wa programu, tena akitusahihisha sisi tulioisomea kazi hiyo.

Jina lake limetokana na moduli yake. Zamani, siku ya matokeo, maelfu ya wazazi waliuliza mambo yaleyale kwenye tovuti yetu kwa mpigo, na hifadhidata ikazimia kabla ya saa nne asubuhi. Akaandika moduli hiyo, kipande cha programu kwa lugha ya JavaScript, kikae kwenye seva na kuweka akiba ya majibu yaliyokwisha kutolewa, ili hifadhidata isisumbuliwe mara mbili kwa swali moja. Utamu wake ni kwamba ghala la akiba huchomekwa na kuchomolewa kama balbu: leo kumbukumbu ya mashine, kesho diski, na programu nyingine hazina habari. Mashine ya akiba ilipoungua siku ya matokeo, alibadilisha mstari mmoja akarudi kwenye chai yake. Mkuu wetu alikuwa bado anatafuta miwani.

Lakini tusimpambe kama bibi harusi. Mwaka wa kwanza wa moduli hiyo, msichana mmoja alikata rufaa, ikaonekana amefaulu. Tovuti ikaendelea kusema amefeli kwa siku tatu, kwa sababu akiba iling'ang'ania jibu la zamani. Siku ya nne mama yake akaja ofisini. Alisema mtoto hali, hatoki chumbani, na usajili wa shule unafungwa saa kumi. Mkuu akaanza hadithi ndefu kuhusu mtandao. Mama Akiba akamkatiza.

"Mtandao hauna kosa, dada yangu. Kosa ni langu. Niliyatunza majibu, nikasahau kuyapangia siku ya kuchacha."

Akachapa matokeo sahihi, akaenda na yule mama hadi shuleni, akaganda dirishani kwa karani mpaka jina likaandikwa, zikiwa zimebaki dakika kumi. Aliporudi alikuta barua ya onyo. Akaisoma, akasahihisha makosa matatu ya tahajia kwa kalamu nyekundu, akamrudishia mkuu. Kisha akaketi kuitengeneza moduli. Tangu siku hiyo kila jibu lina muda wake wa kufutwa.

Ametuachia mwongozo wa kurasa arobaini. Ukurasa wa mwisho ni orodha ya wasioruhusiwa kuigusa moduli, nami ndiye wa kwanza. Mumewe, fundi redio, anasema atampokea nyumbani kwa majaribio kwanza.

Asante, dada. Uishi vizuri, ulale mpaka jua likuchoke. Siku ya matokeo ukiona simu yetu, usipokee. Tutapiga hivyo hivyo.