Mama Kadi Akabidhi Funguo za Chumba cha Tasnifu

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, mtunzaji wa Chumba cha Tasnifu katika maktaba yetu atastaafu rasmi, baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Barua ya Idara ya Utumishi imemtaja kwa jina lake kamili na namba yake ya ajira. Sisi tuliofanya naye kazi tunamjua kama Mama Kadi. Wenzangu wameniomba niandike habari zake kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na minne, na kwa sababu, wanasema, mimi ndiye pekee niliyewahi kumwona analia.

Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, kama mpiga chapa wa muda, akiwa na cheti cha kidato cha nne na ujauzito wa binti yake wa kwanza, ambaye leo ni muuguzi. Kila tasnifu iliyoletwa na mwanafunzi aliyehitimu ilipaswa kutengenezewa kadi moja: kichwa cha kazi, jina la mwandishi, mwaka na namba ya rafu. Kilichotakiwa ni kunakili maneno ya kwenye jalada. Yeye akaanza kufungua ndani na kusoma. Aliniambia kwamba aliona aibu kuandika kadi ya kitu asichokijua.

Basi nyuma ya kila kadi, kwa penseli, akawa anaandika kwa maneno yake mwenyewe kazi ile inahusu nini. Nyuma ya kadi moja ya zoolojia ameandika: “Mbu wanapenda maji gani.” Ya sheria: “Kampuni ikibadili jina, wajibu unabaki kwa nani.” Ya historia: “Wanawake waliojenga reli, maana picha zinaonyesha wanaume tu.” Kuna moja ya kemia ambayo kichwa chake kina mistari minne. Nyuma yake pana maneno mawili: “Kutu, basi.”

Kwa njia hiyo, bila kukaa darasani hata siku moja, alikuja kujua kinachoendelea katika kila kitivo kuliko wakuu wa vitivo wenyewe. Mhadhiri wa sheria akitafuta habari za mito, alimpeleka kwa watu wa jiolojia. Daktari aliyekuwa akiandika juu ya kikohozi cha wachimba mawe alikabidhiwa kazi ya historia ambayo hakujua kama ipo. “Muulize Mama Kadi” ukawa msemo wa kila siku hapa chuoni, hadi kwenye kamati ya utafiti.

Wanafunzi walimwogopa kidogo. Ikisiri isiyoeleweka aliirudisha. “Mimi nimeishia kidato cha nne,” alikuwa anawaambia, “nisipoelewa mimi, mama yako nyumbani ataelewaje?” Wengi waliandika upya wakinung’unika, kisha wakakiri kwamba sasa hata wao wameelewa walichokifanya. Mmoja wao alirudi mwaka mmoja baada ya kuhitimu, akaomba ukurasa wa shukrani ubadilishwe, kwa kuwa mchumba aliyetajwa pale siye aliyemuoa. Mama Kadi alimtazama juu ya miwani. “Mwanangu, ulimshukuru au hukumshukuru?” Kijana akasema alimshukuru. “Basi hiyo ni historia. Nenda ukampende mkeo.”

Lakini si hayo yanayonifanya niandike leo kwa moyo mzito.

Katika mwaka wake wa kumi na nne kazini, rafu zilijaa. Paa la ghala lilikuwa linavuja, chumba kingine hakikupatikana, na ikatoka amri kwamba tasnifu za zamani ambazo hazikuazimwa kwa miaka kumi ziondolewe. Yeye ndiye aliyeandaa orodha. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alitia saini, akapiga mhuri wa IMEONDOLEWA kwenye kila kadi, na lori likazipeleka kiwanda cha karatasi. Kadi zenyewe alizibakiza, kila moja mahali pake kwenye droo. Amri haikusema lolote kuhusu kadi.

Ilipita miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja aliingia daktari wa watoto, mwanamke mrefu, mpole, aliyechoka. Alikuwa anafanya utafiti katika mtaa mmoja wa bondeni ambako watoto walikuwa wakiumwa tumbo, wakipauka, wakisahau hata walichofundishwa jana. Vipimo vya damu vilionyesha risasi, yale madini mazito yenye sumu. Tayari watoto wawili walikuwa wamefariki. Hakuna aliyejua sumu inatoka wapi. Mtaa hauna kiwanda. Una nyumba, duka la unga, shule na uwanja wa mpira.

“Natafuta chochote kilichoandikwa kuhusu ardhi ya pale,” daktari alisema. “Hata kama ni cha zamani.”

Mama Kadi hakusogea kitini. “Kipo,” alisema. “Kazi ya historia, kurasa mia moja na themanini na nane. Kabla ya mtaa palikuwa na kiwanda cha rangi. Mwandishi aliwahoji vibarua wazee, na mmoja wao alimwambia masalio ya rangi yalifukiwa uwanjani kwenye mapipa.” Kazi hiyo alikuwa ameisoma mara moja tu, miaka ishirini na miwili nyuma, alipokuwa bado mgeni kazini. Akaenda kwenye droo za kadi akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuleta dawa.

Nilimwona akivuta kadi. Nilimwona akisimama nayo. Daktari akanitazama mimi. Kisha akarudi, akaiweka kadi mezani, mhuri ukiwa juu na saini yake chini ya mhuri.

“Niliitupa,” alisema.

Daktari, kwa huruma, alijaribu kusema kwamba amri ilitoka juu. Mama Kadi alitikisa kichwa. “Saini ni yangu, dada. Nipe wiki moja.”

Mchana huo, wengine walipokwenda kula, alilia. Hakulia kwa sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alimtafuta mwandishi wa kazi ile kwa barua za zamani za masjala, kwa simu za watu wasiomjua, kwa shule tatu alizowahi kufundisha. Alimpata katika mji mdogo, mwendo wa saa sita kwa basi: mwalimu mstaafu wa historia, mwenye macho dhaifu, anayeishi na mkewe kwenye nyumba yenye vyumba viwili. Mama Kadi alikwenda na mumewe, fundi wa saa, ambaye alifunga kibanda chake siku mbili ili asimwache asafiri peke yake katika hali ile. Yeye ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko.

Nakala ya mwalimu ilikuwa imeoza. Aliwahi kumwazima shemeji yake, na mvua ikaingia. Mama Kadi alipomweleza kilichotokea kwa nakala ya maktaba, mzee alimuuliza swali ambalo yeye hakulitarajia: “Yaani kuna mtu aliisoma?”

“Niliisoma yote, mwalimu.”

“Nilidhani aliisoma mtahini tu. Na yeye kwa kulazimishwa.”

Mke wa mwalimu akaenda chumbani, akarudi akiburuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na madaftari saba ya mahojiano, yameandikwa kwa wino, na katika daftari la tano palikuwa na ramani iliyochorwa na mlinzi wa zamani wa kiwanda: lango, mti wa mkwaju, kisima, na misalaba kumi na minane mahali mapipa yalipofukiwa. Misalaba kumi na mmoja iliangukia katika uwanja wa mpira wa sasa. Watoto walikuwa wanacheza juu yake.

Watu wa kemia walichukua sampuli za udongo, na majibu yalikuwa mabaya kama tulivyohofia. Lakini kampuni iliyorithi eneo lile, kwa jina jipya, ilikataa. Ilisema pale palikuwa shamba siku zote, na kwamba sumu imeletwa na wakazi wenyewe. Mhadhiri wetu wa sheria akalipeleka jambo mahakamani kwa niaba ya wazazi, akibeba chini ya kwapa tasnifu ile ya kampuni zinazobadili majina, na nadhani mnajua alipewa na nani. Wakili wa kampuni alikuwa na hoja moja kali: madaftari yameandikwa juzi. Kama kweli kulikuwa na tasnifu, mbona haimo maktabani?

Mama Kadi akaitwa kuwa shahidi. Siku moja kabla, mkuu mmoja wa utawala alimwita ofisini, akamshauri ajibu tu anachoulizwa na asiitaje ile amri wala orodha, maana jambo likifika magazetini chuo kitaaibika, na bado alikuwa na miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu. Alisikiliza kwa heshima. Aliporudi mezani, nilimuuliza atafanya nini. “Nitasema,” alisema, akaendelea kuchonga penseli.

Mahakama ilijaa. Akina mama wa mtaa ule walikaa upande mmoja, wengine wamepakata watoto ambao kwa umri wao walipaswa kuwa wanakimbia. Wakili alianza kwa upole.

“Mama, kazi hii imo maktabani kwenu?”

“Haimo.”

“Kwa nini?”

“Niliitoa mimi, ikasagwa pamoja na nyingine mia mbili na kumi na moja. Hii hapa orodha.”

Watu walinong’ona. Wakili akatabasamu. “Kwa hiyo kitabu ulichokitupa wewe mwenyewe, kwamba hakina faida, leo unataka mahakama iamini kina faida?”

“Sikusema hakina faida. Nilisema hakijaazimwa. Nilikosea, mheshimiwa, na watoto wa watu wakaendelea kuumwa wakati nazunguka kutafuta nilichokuwa nacho mkononi.” Akaiinua kadi. “Hii niliiandika mimi miaka ishirini na miwili iliyopita, kabla ya mtoto yeyote wa pale kuzaliwa. Nyuma yake kuna maneno yangu. Naomba yasomwe.”

Jaji aliipokea, akaigeuza, akasoma kwa sauti: “Kiwanda cha rangi bondeni. Wazee wanasema mapipa yamo ardhini.”



Jaji aliamuru pachimbwe kila penye msalaba, kuanzia uwanjani. Katika msalaba wa kwanza hapakuwa na kitu, na nakumbuka uso wa Mama Kadi siku ile. Katika wa pili lilitoka pipa lililooza, limebakiwa na ukanda wa rangi nyekundu. Yote yalipotolewa yalikuwa kumi na saba. La kumi na nane halijaonekana hadi leo. Udongo uliondolewa, kisima kikazibwa, na watoto sitini na watatu wakaanza matibabu. Wengi wamepona. Wachache wataishi na madhara, na wale wawili hawarudi. Daktari alimwambia Mama Kadi mara nyingi kwamba wale wawili walifariki kabla yeye hajaulizwa chochote. Mama Kadi alimshukuru kila mara, na sidhani kama siku hata moja neno hilo lilimfariji.

Chuo hakikumfukuza. Kilibadili taratibu: leo hakuna tasnifu inayoondolewa bila saini za vitivo viwili tofauti, maana kazi ya historia inaweza kuwa dawa ya mtoto, na mwanahistoria peke yake hawezi kulijua hilo. Pendekezo lile aliliandika yeye, kwa penseli.

Yeye naye alirudi kwenye ile orodha. Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumatano mchana, ameandika barua kwa waandishi wa kazi zilizosagwa, kwa wajane wao, kwa watoto wao. Amepokea nakala zenye madoa ya chai, kurasa zilizofungwa kwa kamba ya kiatu, sura moja iliyotumika kufungia vitabu vya shule. Nyingine zimenakiliwa upya na yeye mwenyewe, neno kwa neno. Hadi tunakwenda mitamboni, zimerudi rafuni mia moja na sitini na tano.

Zimebaki arobaini na saba. Tulipomuuliza angependa apewe zawadi gani ya kuagwa, tukidhani atataja kitenge au redio, alitoa orodha hiyo mkobani, akaigawa kwa vitivo: sayansi kumi na tisa, afya tisa, sheria sita, historia kumi na tatu. Akaziweka mezani karatasi nne. Alitaka kila moja ichukuliwe na mtu, na mtu huyo aandike jina lake juu. Ya historia nimeichukua mimi. Barua ya kwanza nimeituma jana.

Mama Kadi, umetufundisha kusoma cha mwenzetu hata kama hatukuelekezwa kukisoma, na kusema “nilikosea” mbele za watu tukiwa tumesimama wima. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa maktaba, wanafunzi uliowarudishia ikisiri, na wazazi wa mtaa wa bondeni walioniomba wasisahauliwe katika maneno haya, tunasema ahsante. Nenda ukapumzike na mumeo. Uwe na afya, usingizi mzuri, wajukuu wasumbufu, na Jumatano mchana zisizo na kazi yoyote. Hizo tumezichukua sisi.